Mama Mja Mzito na Maumivu ya Tumbo: Msingoje Kesho

Tuseme mama mmoja ana mimba ya miezi mitano. Jioni anaumwa tumbo karibu na kitovu, chakula hakitaki, anatapika. Mama mkwe asema, "Mwanangu, ndiyo mimba hiyo, vumilia." Kumbe asubuhi maumivu yamehamia chini upande wa kuume, na mwili una moto. Je, ni mimba tu? Pengine ni kidole tumbo.

Kidole tumbo ni kipande kidogo cha utumbo, mfano wa kidole, kilichoshikamana na mwanzo wa utumbo mpana. Kikizibika huvimba na kuoza. Kikipasuka, usaha humwagika tumboni. Katika magonjwa yasiyotokana na mimba yenyewe, huu ndio unaowapeleka waja wazito kupasuliwa upesi mara nyingi kuliko mengine.

Kuutambua si rahisi. Kutapika ni desturi ya mimba. Chembe nyeupe za damu, ambazo huongezeka kwa mgonjwa, huongezeka pia kwa mja mzito aliye mzima. Tena mtoto akikua, kizazi huweza kukisukuma kidole tumbo juu, hata maumivu yakasikika karibu na mbavu. Kwa hiyo daktari humbonyeza mama taratibu, hupima mkojo asije akadanganywa na ugonjwa wa figo, na hutazama tumbo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, isiyomdhuru mtoto.

Dawa yake kwa kawaida ni kukikata. Hapo baba hushtuka: "Wakimpasua, mtoto si atakufa?" Ndugu, sikiliza. Mtoto yumo ndani ya kizazi, na kisu hakikati kizazi. Mimba ikiwa kubwa, mama huinamishwa kidogo upande wa kushoto, ili kizazi kisikandamize mshipa mkubwa wa damu.

Hatari kubwa ni kuchelewa. Daktari Babler wa Marekani alikwisha onya hivyo mwaka 1908. Na hesabu za madaktari zilizotolewa mwaka 1977 zilionyesha hivi: kidole kilipokatwa kabla ya kupasuka, watoto waliopotea hawakufika 2 katika 100, kilipokwisha pasuka, walipotea kama 36 katika 100. Dawa za leo ni bora zaidi, lakini fundisho ni lile lile.

Basi, mama akiumwa tumbo bila kupumzika, shikeni haya:

Msimkande tumbo. Msimpe dawa ya kuharisha. Asile kitu mpaka daktari amwone. Mpelekeni hospitali siku ile ile. Mimba ikiwa changa, naye anaumwa tumbo na kuzimia au kutoka damu, msingoje hata saa moja, maana huenda mimba imetunga nje ya kizazi.

Nawe baba, weka akiba ya nauli tangu mwanzo wa mimba, na ujue ni nani mwenye gari kijijini. Maumivu hayachagui mchana wala usiku.