MPOKEE MWANAFUNZI, MFUNZE KAZI

Tuseme wewe ni fundi wa gereji hapa Nyangoto. Asubuhi moja kijana anafika na barua mkononi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimetoka chuoni. Naomba nafasi ya kujifunza kazi kwa vitendo."

Je, utamjibu nini? Mafundi wengine hukataa. Husema, "Ataniharibia vifaa." Wengine husema, "Akishajua kazi, ataninyang'anya wateja." Wengine humkubali, lakini humfanya mtumwa. Kutwa nzima anafagia, anachota maji na kununua chai. Miezi inakwisha, spana hajaishika.

Hasara ni ya nani?

Hasara ni yetu sote. Nyangoto iko katika eneo la Nyamongo, wilaya ya Tarime. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara ulianza kuzalisha mwaka 2002. Mgodi na biashara zinazouzunguka vinahitaji mafundi wa magari, umeme, uchomeleaji na mabomba. Mwajiri huuliza, "Umewahi kufanya kazi hii wapi?" Kijana asiyewahi kushika kazi hana jibu. Kazi inachukuliwa na mgeni.

Kijana huyo akikata tamaa, hushawishika kuingia mgodini bila ruhusa kuokota mawe ya dhahabu. Wako vijana wetu waliokufa au kuumia kwa njia hiyo. Basi kumfunza kijana kazi ni kumwokoa.

Vyuo vipo

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975. Kimoja kipo Tarime. Vipo pia vyuo vya VETA. VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Lakini darasani kijana hujifunza nusu tu. Nusu ya pili iko kwako, wewe fundi, mwenye hoteli, mshona nguo au seremala.

Mpokee hivi

Kwanza, soma barua yake. Kama hujui kuisoma vizuri, mwombe mtu akusaidie. Andika jina la chuo na namba ya simu ya mwalimu. Mpigie. Muulize mwanafunzi amefundishwa nini, na atakaa muda gani. Muulize pia kama chuo kimemkatia bima ya ajali.

Pili, siku ya kwanza mtembeze. Mwonyeshe vifaa, choo, maji ya kunywa na sanduku la huduma ya kwanza. Mjulishe kwa wafanyakazi wenzako. Asionekane mzigo.

Tatu, mpe mtu mmoja wa kumfuata. Akiamriwa na watu watano, atachanganyikiwa.

Nne, mwonyeshe kazi, kisha fanya naye, kisha mwache afanye mwenyewe huku ukimtazama. Akikosea, mweleze kosa. Usimtukane mbele ya wateja.

Tano, mwisho wa wiki kaeni pamoja. Tazama daftari lake la kazi. Mwambie alichofanya vizuri na anachopaswa kurudia. Kisha tia sahihi.

Sita, mfikirie nauli na chakula. Anakaa kutwa akikusaidia. Njaa na kazi haviendi pamoja.

Usalama kwanza

Cheche ya grenda inaweza kupofusha jicho mara moja. Asishike mashine bila miwani. Asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Asichome zebaki, maana mvuke wake ni sumu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mahali pa kazi pawe salama.

Tena, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 18 mgodini, kiwandani au penye kazi ya hatari. Mtoto wa shule kwenye karasha si mwanafunzi wa ufundi. Huyo mrudishe darasani.

Binti naye ni fundi

Binti akija kujifunza uchomeleaji, mpe koleo, usimpe ufagio. Mtu yeyote asimdai mapenzi ili amsainie daftari. Hiyo ni rushwa ya ngono. Ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2007 ya kupambana na rushwa. Binti akitendewa hivyo, amwambie mzazi na mwalimu, na taarifa ipelekwe TAKUKURU.

Faida yako, fundi

Mwanafunzi huja na mambo mapya ya chuoni. Wewe una uzoefu wa miaka mingi. Mkichanganya, wote mnapata. Tena siku ukihitaji msaidizi, utamjua aliye mwaminifu kabla ya kumwajiri. Na kuhusu wateja, usiogope. Magari na pikipiki vinaongezeka. Fundi mmoja hawezi kuvitengeneza vyote.

Kumbuka, nawe ulifundishwa na mtu. Samaki mkunje angali mbichi. Kijana akija na barua, usimfukuze. Mvutie kiti, mpe maji, kisha mpe spana.