Sheria za Vita Zisikae Kichwani mwa Mtu Mmoja

Mwaka 1824 Georg von Reisswitz, afisa wa jeshi la Prussia, aliwaonyesha wakuu wake mchezo uliochezwa juu ya ramani ya ardhi, kwa vipande vidogo vilivyowakilisha vikosi. Kila upande uliandika amri zake na kumkabidhi mwamuzi. Mwamuzi ndiye aliyerusha dadu, akapekua majedwali ya hasara, akaamua kikosi gani kimefika mtoni na kipi kimevunjika njiani. Mchezo huo, ulioitwa Kriegsspiel, ukawa chombo cha kuwafunza maafisa, na ndio chimbuko la michezo ya vita tunayoijua leo. Zaidi ya karne moja baadaye, Mmarekani Charles Roberts aliutoa mchezo wa aina hii kambini akauleta sebuleni: mwaka 1954 alichapisha Tactics, na mwaka 1958 akaanzisha kampuni ya Avalon Hill. Mwamuzi hakuhitajika tena, kwa kuwa sheria zote zilikuwamo katika kijitabu kilichouzwa pamoja na ubao. Kisha mwaka 1980 kampuni changa ya California, Strategic Simulations, iliyoanzishwa na Joel Billings, ikatoa Computer Bismarck, mchezo wa kuisaka manowari ya Ujerumani iliyozamishwa mwaka 1941. Kiti cha mwamuzi kikakaliwa na kompyuta.

Badiliko hilo liliwaondolea wachezaji kazi kubwa ya kukokotoa, lakini liliwanyang'anya kitu kingine. Kijitabu cha sheria mtu yeyote anaweza kukisoma, kukibishia na hata kukirekebisha. Mtunzi wake akifariki, sheria zinabaki mezani. Katika mchezo wa kompyuta, sheria zimo ndani ya msimbo, yaani yale maagizo yanayoiambia mashine ifanye nini. Mchezaji haoni sheria. Anaona kifaru chake kikiwaka moto tu. Na katika studio ndogo, mara nyingi mtu anayezielewa sheria hizo zote ni mmoja: yule aliyeziandika. Hapo ndipo swali la kuongeza waandishi wa programu linapopata uzito wake. Wamiliki wengi wa studio hulifikiria kama swali la kasi, wakiamini kwamba watu wawili watamaliza kazi kwa nusu ya muda. Naamini wanakosea. Mwandishi wa pili anahitajika ili mchezo uwe na walezi wawili, na studio inayomwajiri kwa sababu hiyo itafaidika kuliko ile inayomwajiri ili ikimbie.

Ili kuelewa kwa nini, ni vyema kuona mchezo wa vita unabeba nini ndani yake. Chukua War in the Pacific, uliotolewa mwaka 2004 na 2by3 Games, studio ya Gary Grigsby, Joel Billings na Keith Brors. Zamu moja ni siku moja ya vita, na anayecheza tangu shambulio la Pearl Harbor la Desemba 1941 hadi Japani iliposaini hati ya kusalimu amri Septemba 1945 atapita zaidi ya zamu 1,300. Wachezaji wawili wanaotumiana zamu kwa baruapepe huweza kuchukua miaka kumaliza vita moja. Hitilafu inayojitokeza tu baada ya mamia ya zamu, labda kwa sababu meli za mafuta zimehesabiwa mara mbili katika bandari fulani, haigunduliki kwa majaribio ya wiki mbili. Au chukua Combat Mission wa Battlefront, ulioanza kuuzwa mwaka 2000, ambao kwa miaka mingi msimbo wake ulitegemea zaidi mtu mmoja, Charles Moylan. Katika matoleo ya awali askari watatu waliochorwa waliwakilisha kikosi kizima. Tangu Shock Force ya mwaka 2007 kila askari anaonekana na kuhesabiwa peke yake, na kompyuta hupima nani anamwona nani, risasi imepita wapi na hofu imeenea vipi. Sheria hizi zinagusana zote. Ukibadilisha namna askari anavyoona adui, umebadilisha pia namna anavyokimbia, anavyojificha na anavyokufa.

Tena michezo hii inaishi muda mrefu kuliko programu nyingi. Mchezo wa kawaida wa sokoni huuzwa kwa wingi miezi michache ya mwanzo, kisha husahaulika. Mchezo wa vita huuzwa polepole kwa miaka kumi au ishirini, ukirekebishwa na kuongezewa kampeni mpya. John Tiller, Mmarekani mwenye shahada ya uzamivu ya hisabati, alianza kutoa mfululizo wake wa Panzer Campaigns mwaka 1999 kwa mchezo kuhusu mapigano ya Smolensk ya mwaka 1941, na mfululizo huo bado ulikuwa unakua alipofariki mwaka 2021. Haukufa pamoja naye. Wargame Design Studio, ambao walikuwa wakishirikiana naye kabla ya hapo, waliendelea kuurekebisha na kuuza michezo yake. Vivyo hivyo, mwaka 2009 War in the Pacific ulizaliwa upya kwa jina la Admiral's Edition, na waliouandaa walikuwa kundi jingine, Henderson Field Designs, lililokabidhiwa kazi iliyoanzwa na Grigsby. Katika mifano yote miwili, kilichouokoa mchezo ni kwamba kulikuwa na watu wengine wenye ruhusa na uwezo wa kuingia ndani ya msimbo. Mahali ambapo hawakuwapo, mchezo husimama siku mfumo mpya wa Windows unapotoka, na wachezaji hubaki na kitu walichokilipia ambacho hakifunguki.

Kuna pingamizi la zamani na lenye nguvu dhidi ya kuongeza watu, nalo halistahili kupuuzwa. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa kompyuta wa IBM uitwao OS/360, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Sababu zake kuu ni mbili. Mgeni lazima afundishwe, na anayemfundisha ni yule yule mjuzi ambaye wakati wake ulikuwa tayari haba. Pili, kila mtu anayeongezeka anahitaji kuelewana na wote waliopo: watu wawili wana njia moja ya mawasiliano, watano wana njia 10, na kumi wana njia 45. Brooks alikuwa sahihi, lakini hesabu yake inaunga mkono hoja yangu. Njia moja kati ya watu wawili ni mzigo unaobebeka. Anachokikataza ni kuajiri kwa pupa wakati mchezo umeshatangazwa na tarehe imeshapita. Wakati wa kuajiri ni ule wa utulivu baada ya mchezo kutoka, marekebisho ya haraka yamekwisha na mradi unaofuata haujaanza kudai usiku wa mtu. Studio ikikubali mapema kwamba kwa miezi kadhaa kazi itapungua badala ya kuongezeka, haitamlaumu mgeni kwa jambo ambalo si kosa lake.

Kazi anazopewa mgeni katika miezi hiyo ndizo zinazoamua kama ajira italeta matunda. Kosa la kawaida ni kumpa kipande kipya kinachong'aa, tuseme mvua na ukungu vya kuvutia macho, ilhali moyo wa mchezo unabaki mikononi mwa yule wa kwanza. Matokeo yake ni watu wawili wanaofanya kazi katika vyumba viwili vya nyumba moja bila kujuana. Ni afadhali aanze na hitilafu ndogo ambazo wachezaji wametuma pamoja na michezo yao waliyoihifadhi, kwa kuwa kila hitilafu humlazimisha kuifuata sheria moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha aandike majaribio yanayojiendesha: pambano lilelile lichezwe kwa bahati ileile ya dadu, na matokeo yalinganishwe kabla na baada ya kila badiliko, ili mtu akigusa hesabu ya mizinga ajue papo hapo kama amevuruga hesabu ya chakula cha farasi. Baada ya hapo ahamishe unene wa vyuma vya vifaru, masafa ya bunduki na idadi za vikosi kutoka ndani ya msimbo hadi kwenye majedwali ambayo mtafiti wa historia anaweza kuyasahihisha bila kuwa mwandishi wa programu. Waswahili walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Maswali ya mtu ambaye hajazoea msimbo humlazimisha mwenyeji aeleze, na akishindwa kueleza kwa nini sheria fulani ipo, huenda ikawa ni sheria iliyopaswa kuondolewa zamani.

Kuna pia kishawishi ambacho karibu kila mwandishi mpya hukipata: kuutupa msimbo wa zamani na kuanza upya. Kampuni ya Netscape ilifanya hivyo na kivinjari chake mwaka 1998. Toleo la 5 halikutoka kamwe, na toleo la 6 lilikuja mwishoni mwa mwaka 2000, wakati mshindani wao Microsoft alikuwa ameshalichukua soko. Hata Combat Mission, ulipohamia injini mpya, yaani msimbo wa msingi unaouendesha mchezo, ulikaa tangu Afrika Korps ya mwaka 2003 hadi Shock Force ya mwaka 2007, na toleo hilo lilipotoka lilihitaji marekebisho mengi kabla wachezaji hawajaridhika. Sisemi kwamba injini mpya haihitajiki kamwe. Bila hiyo kila askari asingehesabiwa peke yake. Ninachosema ni kwamba uamuzi huo ufanywe na watu wawili wanaoujua msimbo wa zamani vizuri, usifanywe na mgeni kwa sababu tu msimbo huo unamchosha kuusoma.

Pingamizi jingine linatoka kwa wachezaji wenyewe. Wao huamini kwamba mchezo mzuri wa vita ni maono ya mtu mmoja, na kwamba mikono mingi itaupunguzia ladha. Ni kweli kwamba jina la Gary Grigsby limeandikwa juu ya michezo kadhaa kama muhuri wa ubora. Lakini hata yeye hakuwa peke yake: Steel Panthers ya mwaka 1995 aliiunda pamoja na Keith Brors, na 2by3 Games ilikuwa ya watu watatu tangu mwanzo. Maono na msimbo ni vitu viwili. Mtu mmoja anaweza kubaki na neno la mwisho kuhusu vita inavyopaswa kuchezwa, huku watu wawili au watatu wakijua mashine inavyoitekeleza. Anayelinda maono kwa kuficha msimbo anaiweka kazi yake yote rehani kwa afya yake mwenyewe.

Linabaki suala la fedha, ambalo kwa studio ndogo ndilo zito kuliko yote. Soko la michezo ya vita ni dogo, na mshahara wa pili unaweza kula faida ya mwaka. Hata hivyo mwandishi wa pili si lazima aanze kwa ajira kamili. Anaweza kuanza kwa mkataba wa nusu ya muda, akifanya kazi kutoka nchi yoyote, na mara nyingi hupatikana miongoni mwa wachezaji ambao tayari wanatengeneza kampeni kwa hiari. Mapato pia hayatoki kwenye mchezo mpya pekee, kwani ya zamani huendelea kuuzwa endapo kuna mtu wa kuitunza. Zaidi ya hapo, majeshi yamerudi kutafuta kile ambacho Reisswitz aliwapa: maabara ya sayansi ya ulinzi ya Uingereza, Dstl, imetumia Combat Mission, na mchezo wa Command una toleo maalumu kwa ajili ya wanajeshi na wachambuzi. Mteja wa aina hiyo hakosi kuuliza nani atarekebisha programu iwapo aliyeiandika hayupo. Studio yenye mtu mmoja haina jibu la kumpa. Wapo wanaosema akili mnemba itaziba pengo hilo bila mshahara. Inasaidia kweli kuandika na kusoma msimbo, lakini haiwezi kubeba dhamana. Kifaru kikitoboka kwa mbali kuliko historia inavyoruhusu, lazima awepo mtu anayejua kwamba matokeo hayo ni ya uongo.

Funzo hili halihusu michezo peke yake. Ofisi nyingi za Nairobi na Dar es Salaam, vyama vya akiba na mikopo na shule binafsi zinategemea programu iliyoandikwa na kijana mmoja, na swali kwao ni lilelile. Kipimo cha kujua kama upanuzi umefanikiwa ni rahisi, na mwenye studio anaweza kukitumia mwaka wowote. Ampe mwandishi wake wa kwanza likizo ya mwezi mzima, simu yake izimwe, na katika mwezi huo studio itoe rekebisho moja la kweli kwa wachezaji. Likitoka salama, mchezo una walezi wawili na unaweza kupangiwa miaka kumi mingine. Likishindikana, basi pesa zimelipwa lakini timu haijapanuka, na kazi ya kufundishana bado inasubiri kuanza.