Pumzi ya Kupanda Mlima

Leo twataka kuzungumza juu ya pumzi. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika, bila kufikiri. Ni zawadi tuipokeayo usiku na mchana, wala hatukumbuki kutoa shukrani kwa ajili yake mpaka siku inapopungua.

Mwaka jana tuliitwa kumzika mama mmoja katika vilima vya Taita, juu ya Wundanyi. Wenye kuijua nchi ile wajua kwamba gari hufika mahali likakoma, na kutoka hapo jeneza hubebwa mabegani kwa njia nyembamba ipandayo kati ya mashamba. Mwanawe wa kwanza alishika pembe ya mbele. Ni mtu wa miaka 45, mwenye mwili wa nguvu, afanyaye kazi Mombasa. Hatukuwa tumekwenda hatua mia moja alipompa ishara mpwa wake apokee. Akasimama kando ya njia, mikono juu ya magoti, kinywa wazi. Akina mama wakamwonea huruma wakidhani analia. Kumbe alikuwa akitafuta hewa.

Jioni, watu walipokwisha kula, alitujia akaketi karibu nasi. Akasema, "Mchungaji, mama alikuwa akinibeba mgongoni akiipanda njia ile. Leo mimi nimeshindwa kumbeba." Kisha akatoa mfukoni kijiti chenye taa ndogo. "Nilianza sigara nikiwa na miaka 19, pakiti moja kila siku. Miezi minne iliyopita niliziacha, nikashika hii sigara ya umeme. Niliambiwa mapafu yatapona. Mbona pumzi yangu haijarudi?"

Ametupa ruhusa tulieleze jambo hili bila kumtaja jina, kwa maana swali lake ni la wengi. Basi na tulijibu polepole.

Kwanza tutazame moshi wa sigara ulifanya nini. Ulimdhuru kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, itokayo katika kitu chochote kiunguacho vibaya, kama jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Sumu hii hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni kama abiria wasiolipa nauli wanaojaza viti vyote vya matatu. Wenye safari hubaki kituoni. Njia ya pili ni kudhoofisha vinywele vidogo sana vilivyomo katika mirija ya mapafu. Kazi yao ni kufagia makohozi na vumbi kuelekea kooni. Moshi huvilaza na kuviharibu, ndipo mvutaji hukohoa sana kila asubuhi, akifanya kwa kifua kazi ambayo fagio lingeifanya usiku. Njia ya tatu ni kubomoa vifuko vidogo vya hewa vilivyo mwisho wa mirija hiyo. Kila mtu ana mamilioni ya vifuko hivyo, na hapo ndipo damu hupokea oksijeni.

Sasa, mtu akiacha moshi, madhara haya matatu hayaponi kwa mwendo mmoja. Kaboni monoksidi huondoka upesi. Baada ya siku moja au mbili damu imekuwa safi. Vinywele huanza kuamka baada ya majuma na miezi, na kikohozi na kuhema hupungua kati ya mwezi wa kwanza na wa tisa. Wengine hukohoa zaidi mwanzoni, wakaogopa na kurudia sigara, kumbe fagio limeanza kazi tena! Lakini vifuko vilivyokwisha kubomoka havijengwi upya. Hilo yafaa tuliseme wazi, maana kumfariji mtu kwa uongo si kumpenda.

Je, basi kuna faida gani? Faida ni kubwa. Mwaka 1977 huko Uingereza, Charles Fletcher na Richard Peto walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanaume wafanyao kazi London kwa muda wa miaka 8. Kila mtu mzima hupoteza nguvu kidogo ya mapafu kadiri anavyozeeka. Waliona kwamba wavutaji ambao moshi huwadhuru huteremka haraka mno. Lakini mvutaji akiacha, ingawa hakirudi chote alichopoteza, mteremko wake hupungua ukawa karibu sawa na wa mtu asiyevuta. Ni kama gari lililokuwa likishuka mlima bila breki. Breki hairudishi gari kileleni, lakini hulizuia lisitumbukie bondeni. Na mwaka 2004 Richard Doll na wenzake, waliowafuatilia madaktari wa Uingereza tangu mwaka 1951, walieleza kwamba mvutaji aachaye akiwa na miaka 30 huongeza kama miaka 10 ya maisha. Akiacha na miaka 40, kama miaka 9. Na miaka 50, kama 6. Hata na miaka 60, kama 3. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema, "Mimi nimechelewa."

Hata hivyo, angalieni neno moja. Hao madaktari waliacha. Hawakuhamia sigara ya umeme, kwa kuwa haikuwako. Sigara ya umeme ya namna ya sasa, ambayo vijana waiita vepu, ilibuniwa mwaka 2003 na Hon Lik, mfamasia wa China, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji. Ndani yake mna betri, waya unaopata moto, na maji yaliyochanganywa propilini glaikoli, gliserini, viungo vya ladha, na mara nyingi nikotini. Waya huyageuza maji hayo kuwa mvuke, na mtu huuvuta.

Hapa hatuna budi kusema kweli pande zote mbili. Katika chombo hiki hakuna tumbaku inayoungua. Kwa hiyo hakuna lami ya moshi, wala ile kaboni monoksidi nyingi. Mvutaji wa sigara aliyehama kabisa amepunguza mzigo mkubwa wa sumu, na ndiyo sababu huko Uingereza wakuu wa afya huwaambia wavutaji walioshindwa kuacha kwamba ni afadhali wahame. Ndugu yetu hakufanya upumbavu. Alishuka ngazi moja.

Lakini kushuka ngazi moja si kufika chini. Mvuke ule si hewa. Hubeba matone madogo sana yenye kemikali ziwashazo mirija, nyingine zikitokana na kupashwa moto kwa maji yale, na wakati mwingine chembe za madini za ule waya. Nikotini yenyewe huufanya moyo upige mbio na mishipa ya damu ijikaze. Mwaka 2019 huko Marekani ulizuka ugonjwa mkali wa mapafu kwa watu waliovuta vepu. Kufikia Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamehesabiwa, waliolazwa hospitali au kufa, na kati yao 68 walikufa. Wengi walikuwa wamevuta maji yenye dawa ya bangi, na mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa humo ndiyo yaliyohusishwa zaidi. Basi mtu anunuaye maji ya vepu asiyojua yalikochanganywa anaweka mapafu yake mikononi mwa mgeni.

Tena kuna hatari ya kukaa kwenye ile ngazi. Katika uchunguzi wa Uingereza uliotolewa mwaka 2019, wavutaji 886 waliotaka kuacha waligawanywa mafungu mawili. Baada ya mwaka mmoja, katika fungu lililopewa vepu asilimia 18 walikuwa wameacha sigara. Katika fungu lililopewa plasta, chingamu na dawa nyingine za nikotini, asilimia 9.9. Twaona kwamba vepu ilisaidia. Lakini kati ya walioacha sigara kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanaivuta mwaka ulipokwisha. Walivuka mto, wakabaki wameubeba mtumbwi kichwani. Na yule avutaye vepu ofisini na sigara nyumbani hajahama kamwe. Moshi uko pale pale.

Tulipomweleza ndugu yetu haya, aliinamisha kichwa, akauliza, "Basi nifanye nini na haya mapafu niliyobaki nayo?" Ni swali zuri kuliko lile la kwanza.

Jibu ni kwamba ayatumie. Mazoezi hayaoti vifuko vipya vya hewa, lakini hufundisha sehemu nyingine za mwili kutumia vema hewa ipatikanayo. Misuli ya miguu isiyozoea kazi huchoma oksijeni ovyo, huchoka upesi, na kulilazimisha pafu kuhema. Misuli iliyozoezwa hufanya kazi ile ile kwa pumzi chache. Moyo nao husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Na misuli ya kupumulia, yaani ule mpana ulio chini ya mapafu na iliyo kati ya mbavu, haichoki haraka. Kwa sababu hiyo, hata wagonjwa ambao mapafu yao yameharibika sana hufundishwa na madaktari kutembea na kufanya mazoezi, nao hupata nafuu ya kweli.

Haimpasi mtu kukimbia kama wale wa Iten. Aanze kwa kutembea. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma. Dakika 30 kwa siku tano zatosha kuanzia. Na aliyekuwa haendi popote aanze na dakika kumi, aongeze kidogo kidogo. Kipimo ni hiki: ukitembea uweze kuzungumza, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kusema neno, punguza. Ukiwa mlimani, vuta pumzi kwa pua, kisha itoe polepole kwa midomo iliyokunjwa, kama apulizaye chai ya moto. Hii huiachia hewa iliyonaswa ndani nafasi ya kutoka. Wala usivute vepu kabla ya kutembea, kwa sababu moyo utaanza safari ukiwa umekwisha kuchoka.

Mazoezi yana msaada mwingine. Hamu ya nikotini huja kama wimbi, hupanda kisha hushuka. Kutembea kwa haraka hata dakika tano au kumi huipunguza. Kwa hiyo atakaye kuiweka vepu chini na apunguze nguvu ya nikotini kwa hatua, aongeze muda kati ya mvuto na mvuto, achague siku ya mwisho, na wimbi likija ainuke atembee. La muhimu asirudie sigara njiani.

Lakini tusichukue kila kikohozi kuwa cha sigara. Kikohozi kisichokoma kwa majuma mawili, jasho la usiku au kukonda, yafaa kipimwe kifua kikuu. Makohozi yenye damu, maumivu ya kifua wakati wa kutembea, kizunguzungu, au kuhema mtu akiwa ameketi, ni mambo ya kumwona daktari kwanza, na mazoezi baadaye. Nanyi vijana ambao hamjavuta sigara kamwe, vepu haina ngazi ya kuwashushia. Kwenu ni ngazi ya kupanda tu, hata ikiwa na ladha ya embe.

Mwezi uliopita mwaka ulitimia, tukaitwa tena kwenda kulijengea kaburi. Ndugu yetu alikuja. Alikuwa ametembea karibu kila asubuhi kabla ya kazi, na vepu alikuwa ameiweka chini majuma saba. Tuliipanda njia ile pamoja, yeye akiwa na ndoo ya mchanga begani. Alisimama mara mbili, akapuliza chai yake isiyoonekana, akaendelea. Alituambia kwamba bado akipanda haraka kifua humkumbusha ile miaka 26, na daktari amemweleza kwamba sehemu fulani haitarudi. Hakulisema kwa uchungu. Alipofika juu aliimwaga ile ndoo penye kaburi la mama yake, akashuka kuchukua nyingine.

Wapendwa, aliyetupa pumzi hakutudai tuwe na mapafu ya mtoto tena. Na tuitunze iliyobaki, tuitumie kupanda. Tukutane tena juma lijalo, wakati kama huu. Mungu awabariki.