Msumeno wa Nakshi: Tazama Kwanza Bledi Inavyofungwa

Mpenda useremala wa Chumbageni, hapa Tanga, akiamua kununua msumeno wa nakshi, kwa kawaida huuliza mota ina wati ngapi na mashine imetengenezwa na kampuni gani. Maswali hayo yana nafasi yake, lakini hayatangulii. Linalotangulia ni jinsi bledi inavyofungwa. Hapo ndipo fedha hufanya kazi au hupotea, na wauzaji wengi hapo hawana jibu.

Mashine yenyewe ina meza ndogo ya chuma na mikono miwili, mmoja juu ya meza na mwingine chini yake. Kati ya mikono hiyo huvutwa bledi nyembamba ya inchi 5, ambayo hupanda na kushuka kati ya mara 400 na 1,700 hivi kwa dakika. Jigso huishika mkononi ukaipitisha juu ya ubao. Hapa bledi haiondoki mahali pake, ubao ndio unaozungushwa kwa vidole. Tena unaweza kutoboa tundu katikati ya ubao, ukafungua bledi upande mmoja, ukaipitisha tunduni na kuifunga upya, kisha ukakata ua zima ndani bila kugusa ukingo.

Kazi ya namna hii si ngeni pwani. Atakayevuka kwenda Unguja na kusimama mbele ya Zahanati ya Kale, pale Mizingani, ataona roshani zilizokatwa nakshi za matundu kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine. Jiwe la msingi la jengo hilo liliwekwa 1887 kwa fedha za tajiri Tharia Topan, nalo likakamilika 1894, zama ambazo seremala hakuwa na mota ya umeme. Hata katikati ya mji wa Tanga zimebaki nyumba za ghorofa zenye roshani za mbao. Ubao mmoja wa nakshi ukioza, mara nyingi hupigiliwa bati au huachwa pengo. Inaniuma kuona hivyo, kwa kuwa ubao kama huo unaweza kukatwa upya na mtu mwenye subira, kwa mashine inayoenea kwenye meza ya uani.

Turudi kwenye bledi. Zipo za aina mbili. Ya kwanza ina pini ndogo iliyopita katika kila ncha, na hunasa kwenye ndoano za mashine. Mashine nyingi za bei nafuu hutumia hiyo, na mgeni huipenda kwa sababu kuibadilisha ni rahisi. Ya pili haina pini. Ncha zake ni bapa na hubanwa kwa skrubu.

Chukua kazi ambayo wengi hapa wanaitaka: Bismillahi ya kutundika sebuleni, au marfaa ya kuwekea Msahafu yenye nakshi ubavuni. Maandishi ya Kiarabu yana vitundu vingi, kwenye mim, kwenye wau, kwenye nukta. Bledi ya pini haipiti ila kwenye tundu la milimita 5 hivi, na kwenye herufi ndogo tundu hilo hula herufi yenyewe. Bledi bapa namba 3 hupita kwenye tundu la milimita moja au moja na nusu. Kwa hiyo mashine ya pini peke yake itakutosha kwa vinyago vya watoto na vibao vya majina, lakini siku utakapotaka hati, itakukwamisha. Nunua inayopokea bledi bapa. Ukiweza, chagua ambayo skrubu yake hukazwa kwa vidole bila ufunguo, kwani marfaa moja yenye matundu 60 itakufanya ufungue na kufunga bledi mara 60.

Kuhusu ukubwa, wengi hununua zaidi ya haja yao. Mashine ya inchi 16, yaani umbali kutoka bledi hadi nguzo ya nyuma, hutosha karibu kazi zote za nyumbani. Inchi 20 ni za mtu anayekata mbao ndefu za roshani.

Suala la umeme ndilo linalowaumiza wengi, hasa wanaonunua mitumba. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Mashine iliyotumika Uingereza huja ikiwa tayari kwa umeme huo, na plagi yake ya pini tatu huingia kwenye soketi zetu. Iliyotoka Marekani imeandikwa volti 120 na hezi 60. Fundi atakuambia weka transfoma, naye atakuwa amesema nusu ya ukweli: transfoma hushusha volti, haibadilishi hezi. Mota ya kawaida ya hezi 60 ikitumia umeme wa hezi 50 huzunguka polepole, kama tano ya sita ya kasi yake, na hupata moto kuliko ilivyokusudiwa. Soma kibati kilichopigiliwa kwenye mota. Kikisema 50/60, transfoma yenye uwezo wa kutosha itafaa. Kikisema 60 peke yake, iache.

Mwenye mashine tayari na anayetaka kupanda daraja asikimbilie mashine mpya. Abadilishe bledi kwanza. Pégas ya Uswisi au Olson ya Marekani, zikinunuliwa kwa dazeni, huifanya mashine ya kawaida ikate vizuri ajabu. Plaiwudi nyembamba hutaka namba 2/0, ubao wa nusu inchi namba 3, wa robo tatu namba 5, na mvule au mkongo wa inchi moja na zaidi namba 9. Msaji, ule wa Longuza kule Muheza, una chembechembe za silika zinazotafuna meno, hivyo usishangae bledi ikifa mapema. Bandika selotepu pana juu ya mchoro. Ukifanya hivyo, mbao ngumu haziungui sana. Kaza bledi mpaka ukiigusa kwa kidole itoe mlio mwembamba. Bledi iliyolegea hupinda ndani ya ubao, na upande wa chini wa ua hauwi sawa na wa juu.

Baada ya bledi, ongeza kidhibiti cha kasi kama mashine haina, na swichi ya kukanyaga kwa mguu ili mikono yote miwili ibaki kwenye ubao. Ukishayafanya hayo na bado kazi inakushinda, hapo ndipo Hegner ya Ujerumani au DeWalt ya inchi 20 zinapostahili fedha zake: hazitetemeki sana, na bledi hufungwa upesi.

Hewa yetu ya chumvi haisamehe. Meza ya chuma isiyopakwa nta hushika kutu ndani ya msimu mmoja wa masika. Ipake nta ya mishumaa, uisugue kwa kitambaa, na uweke bledi kwenye chupa yenye kifuniko. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo barakoa nzuri na hewa ya kutosha ni vya lazima, wala si hiari.

Ukienda dukani, chukua kipande cha mninga na sarafu ya shilingi 500. Mwombe muuzaji afunge mashine kwenye meza nzito na aiwashe, kisha simamisha sarafu kwa ukingo wake juu ya meza ya mashine. Ikianguka, punguza kasi ujaribu tena. Ikianguka hata kwa kasi ndogo, mikono imelegea au beringi zimechoka. Halafu kata duara dogo katika mninga, geuza ubao, ulinganishe upande wa chini na wa juu.