Meli Iliyozama Mara Mbili

Mtu akishuka kutoka milima ya Lemera mpaka bonde la Ruzizi, akaifuata barabara ya kusini, hufika Uvira. Hapo huliona ziwa Tanganyika, refu kupita upeo wa macho. Karibu na mji iko bandari ya Kalundu. Wazee wengi wa pwani ya ziwa hili waliijua meli kubwa iitwayo Liemba. Umri wake umepita miaka mia. Ilizama mara mbili, ikarithiwa mara tatu, na kila mara walitokea watu walioona kwamba haifai kuachwa.

1. Masanduku 5,000

Mwaka 1913 Wadachi, yaani Wajerumani, waliiunda meli hii katika mji wa Papenburg, nchini kwao. Urefu wake ulikuwa mita 71 hivi. Lakini ziwa Tanganyika limezungukwa na nchi kavu. Hakuna meli ya baharini iwezayo kuingia humo. Basi mafundi waliifungua meli yao kipande kwa kipande, wakavitia vipande katika masanduku 5,000.

Masanduku yalipita baharini mpaka Dar es Salaam. Kutoka huko yalipakiwa katika gari la moshi. Reli ya kwenda Kigoma, yenye urefu wa kilometa 1,250 hivi, ilifika ziwani mwaka 1914. Pamoja na mzigo walikuja mafundi watatu wa Papenburg: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Wao, pamoja na vibarua wengi Waafrika, waliiunganisha meli ufukoni Kigoma. Iliingizwa majini mwezi wa Februari 1915, ikaitwa Graf von Götzen, kwa jina la gavana mmoja wa zamani.

2. Kuzikwa kwa akili

Wakati huo Vita Kuu ya kwanza ilikuwa imekwisha anza. Wadachi walikuwa ng’ambo ya mashariki, Wabelgiji ng’ambo ya magharibi, na meli ikatiwa mizinga. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliikaribia Kigoma. Wadachi hawakutaka meli yao iwe mali ya adui. Tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha kwa mikono yao wenyewe.

Lakini mafundi walioijenga hawakutaka ife kabisa. Kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake mafuta mazito, tena kwa wingi. Kwa nini? Chuma huliwa na kutu. Kutu hutokea chuma kinapopatwa na maji pamoja na hewa. Hata ndani ya maji ya ziwa mna hewa kidogo iliyochanganyika nayo. Vikikosekana kimoja kati ya hivyo viwili, kutu haipati nguvu. Mafuta mazito hayachanganyiki na maji. Hukaa juu ya chuma kama nguo, yakazuia maji na hewa visikiguse. Tena maji ya Tanganyika si ya chumvi, na chuma huharibika upesi zaidi katika maji ya chumvi.

Katika Injili yuko mtumishi aliyefukia talanta yake ardhini kwa woga na uvivu, na bwana wake akamkemea. Mafundi hawa walifanya namna nyingine. Waliificha kazi yao ili siku moja ifae tena, hata kama atakayeitumia si wao.

3. Warithi

Baada ya vita Wabelgiji waliiinua meli, wakaivuta mpaka Kigoma. Lakini huko ilizama tena. Kisha nchi ile ikatawaliwa na Waingereza, na meli ikawa urithi wao, ingali chini ya maji.

Kuinua meli si kuivuta kwa kamba tu. Maji na mchanga vilivyojaa tumboni ni mzigo mkubwa sana. Kwanza wapiga mbizi hushuka kutazama ilivyolala. Kisha matundu huzibwa, mchanga huondolewa, na maji hutolewa kwa pampu. Maji yakipungua ndani na hewa ikachukua nafasi yake, meli huwa nyepesi, nayo huanza kupanda. Kazi hii hutaka uvumilivu. Anayeharakisha huweza kuivunja.

Tarehe 16 Machi 1924 meli ilitokea juu ya maji. Mafundi walipoikagua mitambo walistaajabu. Ilikuwa imelala majini miaka mingi, lakini mafuta yale yalikuwa yameilinda, nayo ilifaa kutumika tena. Ikasafishwa, palipooza pakatengenezwa, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini. Iliitwa Liemba. Ndilo jina la ziwa ambalo msafiri Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa pande za kusini mwaka 1867.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, urithi ulipita kwa wananchi wenyewe. Katika miaka ya 1970 mitambo ya mvuke iliondolewa, ikatiwa mitambo ya dizeli. Lakini mwili wa meli ulibaki ule ule uliotoka katika masanduku.

4. Safari za kurudi nyumbani

Mwaka 1996 vita vilianza katika nchi ya Uvira. Lemera nayo iliumizwa sana. Hata wagonjwa waliuawa vitandani hospitalini. Watu wengi walikimbia, wakavuka ziwa mpaka Kigoma, wakiacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazazi wao.

Mwaka uliofuata, 1997, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi liliichukua Liemba ili kuwarudisha. Katika miezi mitano meli ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikawaleta watu zaidi ya 75,000. Meli iliyoundwa kabla ya vita vya mwaka 1914, ikafungwa mizinga, ikazamishwa, ndiyo iliyowarudisha kwao watoto, akina mama na wazee waliokimbia vita vingine. Mafundi waliopaka mafuta mwaka 1916 hawakuweza kuyajua hayo. Walijua neno moja tu: kazi njema haifai kutupwa.

5. Mafundisho kwa nyumbani

Si kila mtu hurithi meli. Mwingine hurithi cherehani ya mama, baiskeli ya baba, au saa ya babu. Ulaya wako watoto wanaorithi reli ndogo ya kuchezea, iliyotengenezwa na baba yao juu ya meza: njia za chuma nyembamba kama vijiti, vituo vya mbao, na gari la moshi linalotosha kiganjani, likiendeshwa kwa nguvu kidogo za umeme zinazopita katika njia zile. Miaka ikipita vumbi hujaa, njia hufanya kutu, umeme haupiti, na gari halisogei. Asiye na akili husema, “Limekufa,” akalitupa. Mwenye akili hufuata njia ile ile ya mafundi wa Liemba:

Kwanza, hutazama vizuri kabla ya kugusa.
Pili, anapofungua, hutia alama kila kipande na kukumbuka mahali pake.
Tatu, husafisha polepole, wala hatumii nguvu penye kukwama.
Nne, hujaribu sehemu moja moja, ili ajue ubaya uko wapi. Mara nyingi kitu kizima hukwama kwa sababu ya kiungo kimoja kidogo.
Tano, hubadilisha kilichooza tu. Kilicho kizima hukiacha kama mwenyewe wa kwanza alivyokitengeneza.
Sita, hupaka mafuta panapostahili, akakitunza kwa ajili ya atakayemfuata.

Arithiye kitu hupokea pia kazi ya mikono iliyokitengeneza. Akikiacha kiharibike, mikono ile imefanya kazi bure. Akikitengeneza, huwashukuru waliomtangulia, na huwawekea akiba watakaokuja.

Mwaka 2018 Liemba ilisimama safari zake, imechoka. Serikali ya Tanzania haikuiuza kama vyuma vikuukuu; iliamua itengenezwe tena.

MASWALI
1. Kwa nini meli ilifunguliwa na kutiwa katika masanduku?
2. Mafuta mazito huzuiaje kutu?
3. Meli iliyozama huinuliwaje?
4. Liemba iliwafanyia nini watu wa nchi ya Uvira mwaka 1997?
5. Nyumbani kwenu kuna kitu gani cha urithi? Nani alikitengeneza au kukinunua, na nani hukitunza sasa?