Mikono ya Waridi na Mashine ya Viza

Karatasi ilibandikwa kwa selotepu kwenye mlango wa saiba mjini Timau, karibu na steji ya matatu za Nanyuki. Orodha yake ilikuwa ya kawaida: pasipoti, viza, KRA, cheti cha polisi, picha papo hapo. Kilichonisimamisha ni mstari wa mwisho, ulioandikwa kwa mkono, herufi kubwa: WANAOSHIKA MAUA, MSILIPIE MIADI KABLA SIJAKAGUA VIDOLE.

Nilikuwa nimefika huko kufuata habari ya bei ya viazi. Viazi vikasubiri.

Mwenye saiba ni polisi mstaafu. Aliniomba nisimtaje jina, na kwa kweli Timau nzima humwita Afande tu, hata watoto wa shule wanaokuja kuchapisha kazi zao. Kwa sehemu kubwa ya utumishi wake alifanya kazi moja: kuchukua alama za vidole. Washukiwa, walinzi, walimu wapya, wasichana waliotaka cheti cha tabia njema ili waende kazi za nyumbani Ghuba, wote walimpitia mikononi. Siku hizi huwajazia watu fomu za safari.

“Mtu akinijia na barua ya mwaliko kutoka Ulaya, barua siisomi kwanza,” alisema. “Namwambia, hebu mikono.”

Vifaa vyake vya zamani bado anavyo, chini ya meza: kipande cha kioo, rola ya mpira, tyubu ya wino mweusi. Nilipomwomba anionyeshe, aliosha kioo kwa mafuta ya taa, akakikausha, akaweka tone dogo la wino na kulipitishia rola huku na huko mpaka kioo kikabaki na utando mwembamba. Mwanafunzi, alisema, huharibu hapo hapo kwa kuweka wino mwingi. Mistari ya kidole ni kama matuta ya viazi. Wino ukizidi unajaa mferejini, na karatasini hupati kidole, unapata doa.

Kisha akaushika mkono wangu. Sikuruhusiwa kumsaidia. “Tazama kalenda ile ukutani,” aliniamuru, kwa kuwa anayetazama kidole chake hukikaza bila kujua. Kidole huviringishwa mara moja tu, kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi ukingo wa pili, bila kurudi nyuma. Gumba huviringishwa kuelekea mwilini na vile vinne kuelekea nje, maana hivyo ndivyo mkono unavyolegea. Fomu ya polisi, ile C24, ina nafasi kumi za vidole vilivyoviringishwa, kimoja kimoja. Chini yake kuna nafasi za vidole vilivyogandamizwa kwa pamoja, ili mkaguzi ahakikishe hakuna kidole kilichoingia mahali pa kingine. Mikono ya Afande ni mikubwa, lakini wepesi wake ni wa fundi saa. Alama zangu zilitoka zote kumi, nyeusi, kila mstari na njia yake. Sijashika jembe wala waridi kwa muda mrefu.

“Sasa ona,” akasema, akamwita mama aliyekuwa ameketi kwenye benchi na bahasha ya kaki magotini. “Mama, karibu. Leta ule wa kulia.”

Mama huyo ni greda, yaani mpanga maua, katika mojawapo ya mashamba ya maua yanayoizunguka Timau. Amekuwa greda kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Afande aliviringisha kidole chake cha shahada kwa utaratibu ule ule, kwa wino ule ule. Karatasini kukabaki kivuli cha kijivu. Pembeni mlikuwa na mistari michache, kisha katikati, pale ambapo pangu palikuwa na duara juu ya duara, palikuwa patupu. Mistari myeupe iliyonyooka ilikatiza huku na huko. Hiyo, Afande alieleza, ni makovu ya miiba na mikunjo ya ngozi iliyokauka. Niliitazama karatasi ile kwa muda. Kidole chenyewe ni kizima, chenye joto, na hakina jeraha. Kwa mashine hakina mwenyewe.

Nilimwuliza mama inakuwaje. Akanieleza kwa mikono, akipanga maua yasiyokuwapo. Waridi hutoka grinihauzi na kuingia chumba cha kupangia. Hutolewa majani ya chini na miiba ya chini, hupimwa urefu, hupangwa kichwa kwa kichwa, hufungwa, mashina hukatwa yakawa sawa, kisha fungu huingia kwenye ndoo ya maji yenye dawa na kupelekwa chumba cha baridi. Kazi ni hiyo kuanzia asubuhi. Glavu zipo, alisema, ila vidole vya kupangia hutaka kuhisi shina, na mwenye glavu nzito hubaki nyuma ya wenzake. Akifika nyumbani kuna viazi vya kumenya, nguo za kufua na sufuria za kusugua kwa majivu. Na Timau ni baridi. Iko kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, ambako ngozi hukauka na kupasuka hata kwa mtu asiyefanya lolote.

Mistari hii mtu huzaliwa nayo. Hujichora tumboni mwa mama miezi kadhaa kabla ya kuzaliwa. Asili yake iko kwenye ngozi ya chini, na hiyo ndiyo habari njema. Inayolika kwa kazi ni ngozi ya juu, nayo ikipumzishwa hurudi na ramani yake ile ile. Ndiyo maana Afande ana dawa, na anaitoa kwa lafudhi ya daktari: wiki mbili au tatu bila kushika ua, usimenye viazi, usifue kwa mikono, usiguse jiki. Kila usiku osha kwa maji ya vuguvugu, kisha paka Arimis, jeli iliyotengenezwa kwa ajili ya ng’ombe wa kukamuliwa ambayo nyumba nyingi za milimani hupaka watu. Siku ya miadi usipake chochote, ila vidole visiwe vikavu kabisa. Mashine ya kioo hupenda unyevu kidogo.

Bahasha ya mama yule ilikuwa na mambo yote ambayo msomaji wa safari anayajua. Bintiye ni muuguzi Ujerumani na anatarajia kujifungua. Yeye ndiye aliyejaza hati ya kujitwika gharama za mgeni wake. Bima ya safari ilikuwapo, ya kiwango cha chini kinachotakiwa, yuro 30,000. Pasipoti mama aliifuata Embu, na huko, alisema, walirudia mkono wa kulia mara nyingi hadi watu wa nyuma yake wakaanza kunung’unika. Viza ya Schengen sasa ni yuro 90, tangu Juni 2024, na ukikosa hazirudi. Juu yake kuna ada ya kituo cha kupokea maombi, nauli ya Nairobi na mahali pa kulala.

Lakini kilichomleta kwa Afande ni likizo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi kwa mwaka zenye malipo. Mama alikuwa amezihifadhi siku hizo kwa ajili ya mjukuu. Sasa anaambiwa zaidi ya nusu yake azitumie kukaa nyumbani asiguse kitu, ili vidole viote.

“Na si mara moja, mama,” Afande akamwambia, kwa sauti ya mtu anayechukia anachokisema. “Ni mara mbili.”

Hapo nikaweka kalamu chini. Ombi la viza huweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari, na wenye busara hupeleka mapema. Vidole kumi huchukuliwa siku hiyo: vinne, vinne, kisha gumba mbili. Baada ya hapo mama atarudi chumba cha kupangia waridi. Atakapotua Frankfurt, afisa atasoma namba ya viza na kumwomba aweke vidole kwenye kioo, ili vilinganishwe na vile vya Nairobi. Vya Nairobi vitakuwa vidole vilivyopumzika. Vya Frankfurt vitakuwa vidole vya msimu mzima wa kazi. Visipolingana, atapelekwa kando kwa ukaguzi zaidi, peke yake, katika lugha asiyoijua, mwanawe akimsubiri nje na tumbo lake. Kwa hiyo apumzike tena kabla ya kupanda ndege. Kwa siku zipi?

Kuna watu wengine duniani walioshikwa na kioo hiki, nao habari zao ziliandikwa na madaktari. Mwaka 2008 mgonjwa wa saratani kutoka Singapore alizuiwa kwa saa kadhaa alipoingia Marekani kwa kuwa dawa aliyokuwa akimeza, capecitabine, ilikuwa imefuta alama zake. Mwanamke wa Uswisi aliyezaliwa bila alama kabisa alisumbuliwa kwenye mpaka wa nchi hiyo hiyo. Mwaka 2011 watafiti wakatangaza jeni inayohusika, na hali yenyewe ikapewa jina la utani la ugonjwa wa kucheleweshwa uhamiaji. Greda wa Timau haugui. Hana jeni wala kidonge cha kulaumu. Ana kazi.

Na si mara ya kwanza kidole cha mtu wa huku kuwa ruhusa yake ya kupita. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha: kila mwanamume wa miaka 16 na zaidi abebe kipande chenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning’inizwa shingoni. Bila hicho hakutoka eneo lake kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya walowezi, na Timau ilikuwa nchi ya walowezi, ya ngano na kondoo. Kipande kile kilifutwa 1947. Miaka michache baadaye, katika Hali ya Hatari, Wagikuyu, Waembu na Wameru wakawekewa vitabu vipya vya ruhusa. Baba yake Afande alivibeba vyote viwili. Nilimwuliza kama alama za mzee zilisomeka. “Alikuwa mkata mawe,” akajibu, na hakuongeza.

Sheria ya viza ya Ulaya, tangu 2009, si katili inavyosomeka. Asiyeweza kabisa kutoa alama anasamehewa. Mwenye vidole vichache vinavyosomeka atatoa hivyo alivyo navyo. Ikiwa shida ni ya muda, atatakiwa kuzitoa akiomba tena siku nyingine, na ubalozi una haki ya kuuliza sababu. Sheria hiyo hiyo inazitaka nchi ziwe na utaratibu unaolinda heshima ya mwombaji pale vidole vinapogoma. Afande ameichapisha ibara hiyo na kuipigia mstari. Yeye hushikilia neno moja tu ndani yake: sababu. Ikiwa ubalozi una haki ya kuuliza, basi mtu na awe na jibu mkononi.

Ndipo akaanza kuandika barua. Nilisoma aliyomwandikia mama yule. Inaeleza kazi yake, miaka yake, jinsi waridi linavyopita mkononi, vidole gani havisomeki na tangu lini. Ni barua nzuri, ya mtu anayejua anachosema. Tatizo ni kwamba imetiwa sahihi na mwenye saiba. “Ingekuwa na muhuri wa shamba,” alisema, “au wa zahanati ya shamba, ingekuwa kitu kingine.” Ameshawaomba mameneja wawili. Mmoja aliogopa kwamba barua kama hiyo ni kukiri kuwa kazi inaumiza, na kesho italetwa kortini. Wa pili alisema ataulizia makao makuu.

Mimi sioni kwa nini muhuri huo usipatikane. Kila shehena ya waridi inayotoka hapa kwenda Uholanzi ina cheti cha KEPHIS kinachothibitisha afya ya ua, na mashamba haya yana watu wanaolipwa kuhakikisha hati hiyo haikosi. Mwenye kulipanga ua hilo anahitaji karatasi moja, mara moja katika miaka kadhaa. Na kama kweli karatasi hiyo ni kukiri kitu, je, kitu chenyewe hakipo mpaka kiandikwe? Glavu nyembamba zaidi zingegharimu kiasi gani? Kwa nini siku za kupumzisha vidole zitoke kwenye likizo ya mfanyakazi, ilhali vidole vimeliwa na kazi ya mwajiri?

Mama aliikunja barua akaitia kwenye bahasha, nyuma ya bima. Ameamua kujaribu kwa wiki moja ya mapumziko, Jumapili zikiongezwa, na siku zilizobaki azihifadhi kwa Ujerumani. Afande hakumbishia. Alimwambia tu amwachie bintiye aliyebaki nyumbani viazi.

Kisha mama akauliza swali ambalo nilidhani ni la kupita. Wakishachukua alama, zitatumika kwa muda gani? Afande akamjibu kwamba miezi 59. Akiomba tena kabla ya hapo huweza kutumia zile zile, ikipita anaanza upya. Mama akahesabu kimyakimya. Atakuwa amestaafu kufikia hapo, akasema, na vidole vitakuwa vimerudi vyenyewe. Aliyeshtuka ni msichana aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, mwenye sare ya shamba hilo hilo na fomu ya pasipoti mkononi, ambaye ameajiriwa mwaka huu.

“Wewe chukua alama sasa hivi,” Afande akamwambia. “Usingoje vidole viliwe.”