Kuunganisha Mazungumzo ya Tovuti na Daftari la Takwimu

Wakulima wa pamba wa Usukuma waliingia katika ushirika kwa sababu ya mizani. Kabla ya Victoria Federation of Co-operative Unions kuundwa mwaka 1955, kilio kikubwa cha mkulima kilikuwa kwamba mnunuzi ndiye aliyepima, ndiye aliyesoma mshale, na ndiye aliyeandika. Hesabu ilikuwa moja tu, na haikuwa na kitu cha kuilinganisha nacho. Leo, chama cha ushirika chenye tovuti huweza kujikuta katika hali inayofanana na hiyo kwa namna yake: kina madaftari mawili juu ya watu wale wale, lakini hayajapata kuwekwa mezani pamoja.

Daftari la kwanza ni la programu ya mazungumzo ya papo kwa papo, yaani lile dirisha dogo lililo pembeni mwa ukurasa, ambamo mwanachama aliyeko Itilima au Meatu huandika swali na karani aliyeko Bariadi akalijibu. Daftari hili huhifadhi swali, saa na jibu. Mara nyingi pia jina na namba ya simu ya mwulizaji. Daftari la pili ni la programu ya takwimu, kama Google Analytics, ambayo huhesabu kurasa zilizofunguliwa, njia ambayo msomaji alipitia kufika, na kama alitumia simu au kompyuta. La kwanza lajua kilichoulizwa, lakini halijui ni wangapi waliosoma ukurasa ule ule wakaondoka kimya. La pili lajua idadi ya wasomaji, lakini halisikii neno hata moja la mazungumzo, kwa kuwa dirisha lile kwa kawaida huendeshwa na mtambo mwingine, nalo limepachikwa tu juu ya ukurasa wa chama.

Chukulia, kwa mfano wa kubuni, kwamba katika juma la kwanza la ununuzi watu 500 wamefungua ukurasa wa bei dira, na 10 miongoni mwao wakauliza jambo. Katika juma hilo hilo watu 80 wamefungua ukurasa wa makato, na 40 wakauliza. Daftari la mazungumzo likisomwa peke yake litasema maswali yalikuwa 50. La takwimu litausifu ukurasa wa bei kwa kusomwa sana. Yakiunganishwa, ndipo inapoonekana kwamba nusu ya waliousoma ukurasa wa makato hawakuridhika na maelezo yake. Mkulima aliyetangaziwa bei moja, kisha akaona kiasi pungufu kimeingia kwenye simu yake, hufikiri ameibiwa. Chama kikichelewa kumweleza, pamba ya msimu ujao huenda ikapelekwa kwa mnunuzi wa pembeni.

Kazi yenyewe ya kuunganisha si kubwa. Dirisha la mazungumzo linapopokea ujumbe hutoa taarifa ndani ya ukurasa. Fundi huweka maagizo mafupi ya kuidaka taarifa hiyo na kuipeleka kwenye programu ya takwimu kama tukio, pamoja na anwani ya ukurasa ambamo mazungumzo yameanzia. Baadhi ya programu za mazungumzo huja na kiungo hicho tayari. Fundi hujaza namba ya utambulisho ya tovuti tu. Kiongozi wa chama halazimiki kuyaelewa maandishi ya fundi, lakini inampasa kujua mambo ya kumwuliza.

Kwanza, ni tendo gani linahesabiwa? Madirisha mengi hujifungua yenyewe na kutoa salamu. Salamu hizo zikihesabiwa, kila mpita njia ataonekana kuwa mwulizaji. Linalofaa kuhesabiwa ni ujumbe wa kwanza ulioandikwa na mgeni mwenyewe. Pili, jina la tukio liamuliwe mara moja na lisibadilishwe. Katika Google Analytics jina halipaswi kuzidi herufi 40, haliruhusu nafasi kati ya maneno, na herufi kubwa huhesabiwa tofauti na ndogo. Hivyo «mazungumzo_yameanza» na «Mazungumzo_yameanza» ni matukio mawili. Tatu, ikiwa kiungo kilichokuja na programu kimewashwa, maagizo ya fundi yasiwekwe juu yake, kwa maana kila swali litahesabiwa mara mbili, kama gunia lililorudishwa mizanini.

Kujaribu ni rahisi. Karani afungue tovuti kwa simu yake, aandike swali, kisha atazame taarifa ya wakati huo huo, ambayo huonyesha matukio ya dakika 30 zilizopita. Taarifa za kawaida huweza kuchelewa siku moja au mbili, na ukimya wake katika muda huo si dalili ya kosa.

Lipo jambo moja ambalo husahauliwa, nalo huwadhuru watu wa pamba kuliko wengine. Google Analytics, isipobadilishwa, hutunza undani wa matukio kwa miezi 2 tu kwa ajili ya uchunguzi wa kina. Pamba hununuliwa kwa msimu. Anayetaka kuchunguza kwa undani Mei ya mwaka huu na Mei ya mwaka jana hatakuta kitu, isipokuwa muda huo umeongezwa mapema hadi miezi 14. Jumla za taarifa za kawaida hubaki, lakini undani ukishafutwa haurudi.

Majina yasivuke. Jina la mwanachama, namba ya simu, namba ya uanachama na maneno ya swali lenyewe vibaki katika daftari la mazungumzo. Kinachopelekwa kwenye takwimu ni kwamba swali limeulizwa, na limeulizwa katika ukurasa gani. Masharti ya Google yanakataza kuipelekea taarifa zinazomtambulisha mtu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tena mkulima anayeuliza juu ya deni lake ameuliza faraghani.

Hata hivyo, hesabu ya takwimu ni hesabu ya vyombo, wala si ya watu. Simu moja ya mjukuu huweza kusomewa na nyumba nzima, na mkulima mwenye simu ndogo ya vitufe haonekani kabisa. Yeye huuliza ghalani, mara nyingi kwa Kisukuma, na swali lake huishia hewani. Kwa hiyo karani wa mazungumzo aliyeko Bariadi na katibu wa chama cha msingi yafaa watumie majina yale yale ya mada: bei, makato, malipo, mbegu, viuatilifu, mizani. Katibu huchora safu sita katika daftari la ghala, akatia alama moja kwa kila swali, na Ijumaa jioni hupeleka jumla zake chama kikuu kwenye karatasi ile ile ya kilo zilizonunuliwa.